Shilingi Isiyo na Maandishi

Mke wangu alipofariki nilimzika nyumbani kwetu, karibu na ziwa, nikakaa huko wiki mbili, kisha nikarudi kazini Kericho na begi lile lile nililokuwa nimeondoka nalo. Kilichoongezeka ndani yake kilikuwa kitu kimoja, kibeti chake cha ngozi nyekundu. Sikukifungua hadi Jumapili ya pili baada ya kurudi. Kilikuwa na kadi ya kliniki, pini mbili za nywele na shilingi saba.

Nilizipanga shilingi hizo mezani kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na sikuwa na la kufanya. Sita zilikuwa za kawaida. Ya saba ilikuwa na kichwa cha rais wa kwanza, lakini haikuwa na maandishi. Shilingi zote za rais huyo nilizozizoea zilikuwa na maneno yanayokizunguka kichwa kama mshipi, yakitaja jina lake na cheo chake. Kwenye hii, kichwa kilikaa peke yake, na pembeni palikuwa patupu. Niliigeuza. Upande wa ngao na simba ulisema 1966. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, kazi yangu ilikuwa kushika pesa za watu, na sikuwa nimewahi kuiona tofauti hiyo.

Nilikuwa karani wa mishahara katika shamba kubwa la chai upande wa Kapsoit. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wachumaji wetu walilipwa taslimu, kwa kilo za majani, na hesabu ya kilo haikubali kuishia kwenye noti. Kila bahasha ilikuwa na noti chache na sarafu nyingi. Mara moja kwa mwezi nilipanda gari la kampuni pamoja na askari wawili, tukaenda benki mjini, tukarudi na masanduku. Sarafu zilikuwa zimeviringishwa katika karatasi ya kaki, kila fungu likiwa zito mkononi kama betri za tochi.

Nilimwendea karani mkuu nikamweleza kwamba nataka kuzitazama sarafu kabla hazijaingia kwenye bahasha. Nikitoa moja, nitaweka nyingine ya thamani ile ile kutoka mfukoni mwangu, mbele ya macho yake. Aliniangalia kwa muda, kalamu ikiwa sikioni.

"Kuna watu wakifiwa huanza pombe," alisema. "Wewe tazama shilingi."

Nyumba yangu ilikuwa ya nne katika mstari wa nyumba kumi za makarani. Mwaka wa fujo za kikabila, watu wengi wa kwetu walifunga mizigo wakaondoka, na hawakurudi. Nyumba ya tatu na ya tano zilibaki na kufuli, moja kulia kwangu na moja kushoto, na kufuli hizo zikashika kutu bila mtu kuzigusa. Mimi nilibaki kwa sababu mke wangu alikuwa mgonjwa na hospitali ilikuwa karibu. Baadaye nilibaki kwa sababu sikuona pa kwenda. Ukuta wa nyumba zile ulikuwa mwembamba, na kwa miaka mingi nilikuwa nimezoea kusikia kijiko cha jirani kikigonga kikombe. Sasa nilisikia mvua juu ya mabati na king'ora cha kiwanda tu.

Nilinunua daftari kubwa lenye miraba nikachora jedwali. Kushoto niliandika aina za sarafu, kuanzia senti tano hadi shilingi tano yenye pembe saba. Juu niliandika miaka. Kila sarafu niliyoitazama niliiwekea mstari mdogo katika chumba chake, na mistari ikifika minne, wa tano ulipita juu yake kwa mshazari. Nilikuwa nimeandika barua kwa duka moja la vitabu Nairobi nikiuliza kama wana orodha yoyote ya sarafu za Kenya, ipi ni adimu na ipi si adimu. Walijibu kwa kadi kwamba hawana. Basi nikaamua kwamba jedwali langu ndilo litakalokuwa orodha. Chumba kitakachojaa mistari, hiyo ni sarafu ya kawaida. Chumba kitakachobaki kitupu baada ya mwaka mmoja, baada ya miwili, hiyo ni adimu.

Nilijiwekea kanuni mbili. Sitanunua sarafu yoyote kwa zaidi ya thamani yake. Na sitaandika mwaka ambao sijausoma kwa macho yangu mwenyewe. Kanuni ya pili niliiona ndogo kuliko ya kwanza, kwa sababu nilidhani hakuna mtu atakayenitaka niivunje.

Nilifanya kazi hiyo kuanzia saa kumi na moja jioni, nikitoka ofisini, hadi giza lilipoingia. Nilikuwa na lenzi niliyopewa na mtu wa maabara ya kiwanda, iliyovunjika mshikio. Niliona mengi. Niliona kwamba senti kumi za mwaka mmoja zilikuwa na rangi ya chai ya rangi na za mwaka mwingine zilikuwa karibu nyeusi. Mara moja moja nilipata shilingi ya wakati wa mkoloni, ile ya simba aliyesimama mbele ya milima, iliyopita mikononi mwa makarani na wauza duka wote bila mtu kuikataa. Sijui kama niliyafurahia mambo hayo. Nilichojua ni kwamba saa ile ya jioni, iliyokuwa mbaya kuliko zote, ilikuwa sasa na kazi ndani yake.

Mtu wa dirisha la sarafu pale benki alinizoea. Mafungu yaliyobaki baada ya malipo niliyarudisha nikiwa nimeyafungua na kuyafunga upya, na yeye aliona.

"Karani, umeyafungua tena haya."

"Nimeyahesabu upya. Yako sawa."

"Najua yako sawa. Nauliza kama unazilamba." Watu kwenye foleni walicheka. "Siku ukipata ya dhahabu, utukumbuke sisi wa dirishani."

"Hazina dhahabu. Ni shaba na nikeli."

"Haya, basi tumekwisha," alisema, akapiga muhuri.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yangu marefu ya mwezi, mbali na ya kazi. Nasema marefu ya mwezi kwa sababu mazungumzo ya kila siku nilikuwa nayo na mtu mmoja tu.

Tulimwita Kogo, yaani bibi kwa Kikipsigis, na sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina lingine. Alikaa ng'ambo ya mto, nje ya mpaka wa kampuni, kwenye shamba lake la chai na ng'ombe watatu. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, alipanda njia ya mikaratusi na mkebe wa maziwa na fimbo. Katika mstari wetu walionunua walikuwa watatu waliobaki, mimi nyumba ya nne, mwingine nyumba ya sita na mwingine ya tisa. Aligonga mlango kwa fimbo, chini, karibu na sakafu.

"Karani, umeamka ama umekufa?"

"Nimeamka, Kogo."

"Basi fungua. Maziwa haina miguu."

Nilifungua, akanimiminia chupa moja, akanitazama usoni kama mtu anayetazama ndama.

"Hujakula jana."

"Nilikula."

"Ulikula nini?"

"Ugali na mboga."

"Mtu wa samaki bila samaki," alisema, akicheka bila sauti. "Ndiyo maana unakonda. Kunywa hii yote, usiweke ya chai."

Hakupokea noti. Panya walikuwa wamemlia noti zamani, alinieleza, na tangu siku hiyo pesa kwake ilikuwa ile ambayo panya hawezi kutafuna. Nilimuuliza anaziweka wapi. Mtu asiulize swali kama hilo, lakini nilikuwa na sababu yangu, na yeye hakuona ubaya.

"Kwa mkebe. Iko mingi. Ingine ni ya tangu mzee akiwa hai."

Mzee wake alikuwa amekufa kabla sijafika Kericho. Nilisimama na chupa mkononi. Mkebe wa sarafu ambazo hazijarudi benki kwa zaidi ya miaka ishirini, hilo lilikuwa jambo ambalo mafungu ya kaki yasingeweza kunipa.

Wakati huo jedwali langu lilikuwa na umri wa miaka miwili, na chumba kimoja kilinisumbua. Shilingi zisizo na maandishi za 1966 nilikuwa nazo tisa, pamoja na ile ya kibeti. Za 1967 nilikuwa nazo nne. Za 1968 sikuwa nayo hata moja. Nilijua lazima zilikuwepo, kwa sababu senti hamsini na senti kumi zisizo na maandishi za mwaka huo nilikuwa nazo. Miaka mingi baadaye niliona orodha iliyochapishwa, na humo mwaka ule haukuwa wa ajabu hata kidogo. Ulikuwa adimu kwangu tu. Lakini wakati ule chumba kile kitupu nilikiona hata nikifumba macho.

Kesho yake nilimwonyesha Kogo kadi. Nilikuwa nimechora duara mbili, moja ikiwa na kichwa na vijistari kukizunguka, nyingine ikiwa na kichwa peke yake. Hakujua kusoma. Alishika kadi mbali na uso wake.

"Huyu amevaa shanga, huyu hana."

"Nataka asiye na shanga. Halafu ugeuze." Nilimchorea tarakimu mbili za mwisho, sita na nane. "Hii ya mwisho iwe hivi."

Aliitazama nane kwa muda.

"Ni kibuyu," alisema. "Iko na tumbo, iko na kiuno, iko na kichwa."

"Ndiyo. Na ya mwisho ikiwa hii, siitaki." Nilimwonyesha sita.

"Hii ni kibuyu imevunjika shingo. Hiyo hata mimi sitaki."

Alifunga kadi kwenye ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Kwa wiki tatu hakuitaja, na mimi sikumuuliza. Nilikuwa nimeanza kuamka kabla ya fimbo kugonga.

Kisha asubuhi moja aligonga mapema, na hakusema lolote kuhusu kufa. Alitoa jani la mgomba kifuani, akalifungua juu ya meza yangu. Ndani yake kulikuwa na shilingi inayong'aa kama kijiko kipya.

Lazima nieleze jambo hapa. Kwa watu wa Kogo, chombo cha maziwa hakiendi kwa mtu kikiwa kichafu. Kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandishwa, husuguliwa ndani kwa sosiot, ufito mrefu wenye nyuzi ngumu kwenye ncha, kisha kinapakwa mkaa wa mti maalum, kisha kinatazamwa tena dhidi ya mwanga. Mama anayepeleka kibuyu chenye harufu anajiaibisha yeye na nyumba yake. Shilingi ile ilikuwa imekaa chini ya mkebe, kando ya jiko, miaka yote hiyo, na ilikuwa nyeusi kwa moshi. Kogo hakuweza kuileta hivyo. Alikuwa ameisugua kwa mchanga wa mtoni na majivu, kwa gunzi la mahindi, siku mbili.

"Hana shanga," alisema. "Tazama."

Niliipeleka dirishani. Kichwa kilikuwa peke yake, bila maandishi. Niligeuza nikaweka lenzi. Kumi na tisa ilisomeka. Sita iliyofuata ilisomeka kwa taabu. Tarakimu ya mwisho ilikuwa uvimbe tu, mduara chini, na juu yake alama za mchanga zimepita kila upande. Ingeweza kuwa nane. Ingeweza kuwa sita. Sarafu iliyolika inasomeka kwa uchafu wake, kwa sababu uchafu hukaa mabondeni ukaonyesha umbo, na uchafu huo ndio uliokuwa umeondolewa. Niliielekeza kwenye mwanga kwa pembe zote. Nadhani nilichukua dakika kumi, na yeye alikuwa amesimama wakati wote huo, kwa sababu sikumkaribisha kiti.

"Ni hiyo?" aliuliza.

"Haisomeki."

"Ni kibuyu. Mimi niliona kabla ya kusugua. Tumbo, kiuno, kichwa."

"Huenda. Lakini mimi sijaona."

"Mimi niliona."

Nilifungua daftari nikamwonyesha chumba kitupu, kana kwamba angesoma. Nilimweleza kwamba jedwali lote lile limeandikwa kwa macho yangu, kwamba nikiandika kitu kimoja ambacho sijakiona basi mistari yote mingine haina thamani, kwamba asingeisugua tungekuwa na uhakika. Niliyasema haya kwa utulivu, kwa mpangilio, kama ninavyomweleza mchumaji kwa nini kilo zake zimepungua.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mimi ni mwongo."

"Sijasema hivyo, Kogo. Nimesema siwezi kuandika."

"Mwenye macho ni wewe peke yako."

Kwa kanuni yangu hilo lilikuwa kweli. Alinimiminia maziwa, kipimo kamili, akapokea pesa yake, akaenda. Shilingi aliiacha mezani juu ya jani.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu nilisikia fimbo kwenye mlango wa nyumba ya sita. Kisha ya tisa. Kwangu haikugonga. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nilifungua mlango mapema nikasimama kizingitini na chupa, akapita kwenye njia akiniangalia moja kwa moja. "Chamgei, Karani," alisema, kama anavyosalimiwa mtu usiyemjua barabarani, na hakusimama.

Nilianza kununua maziwa ya pakiti kantini. Mwanzoni nilijiambia kwamba tatizo ni maziwa. Kisha jioni moja, nikiwa na mafungu mawili ya kaki mezani, niligundua kwamba tangu asubuhi sijatamka neno ambalo si namba. Niliirudia siku hiyo yote kichwani nikihakikisha. Ilikuwa kweli. Hata msimamizi wa kiwanda nilikuwa nimemjibu kwa namba. Kama nisingeamka kesho, mtu wa kwanza kujua angekuwa karani mkuu, saa mbili na robo, na angedhani nimechelewa.

Mwezi huo huo benki ilianza kutoa shilingi mpya. Zilikuwa ndogo, za rangi ya manjano, nyepesi, na nilipozijaribu zilishikwa na sumaku, maana yake ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Shilingi kubwa za zamani zilianza kupotea kwenye mafungu, kumi zikawa tano, tano zikawa moja. Mtu wa dirishani aliniambia, "Karani, shughuli yako imekwisha, hizi mpya zote ni mapacha." Nilijua anasema kweli. Chumba cha 1968 hakingejazwa tena na benki.

Nilikaa na jambo hilo wiki moja. Kisha Jumamosi, tulipofunga ofisi saa saba, nilivaa viatu vya mpira, nikachukua mwavuli na daftari, nikashuka njia ya mikaratusi. Katika miaka yote niliyokaa pale sikuwa nimewahi kuvuka daraja lile. Mwanzoni haikuwa lazima, na baada ya fujo haikuwa busara. Ng'ambo ya mto chai ilikuwa ya watu binafsi, vipande vidogo, vingine vimechumwa vizuri kama meza, vingine vimeachwa virefu. Niliuliza mtu aliyebeba majani kwenda kituoni, akaninyooshea kidole bila kuuliza mimi ni nani.

Kogo alikuwa amekaa nje, chini ya ukingo wa mabati, na vibuyu vinne mbele yake. Alikuwa akisugua cha tano. Aliingiza sosiot, akazungusha, akatoa, akakielekeza kibuyu kwenye anga, akaweka jicho kwenye mdomo wake. Aliona kitu ndani, kwa sababu aliingiza ufito tena. Akatazama tena. Alifanya hivyo mara nne. Nilisimama uani nikimtazama, na kazi ile niliijua. Ilikuwa yangu, ila yeye hakuwa na lenzi.

"Nilikuona tangu kwa daraja," alisema bila kuinua uso. "Umebadilisha mkono wa mwavuli mara tatu. Na kiatu ya kushoto inakuuma."

Nilitazama nyuma. Daraja lilikuwa chini bondeni, kama kijiti kilichoangushwa majini. Mwavuli nilikuwa nimebadilisha mkono, ingawa mara ngapi sikujua. Kiatu cha kushoto kilikuwa kinaniuma.

Nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini hayakuhitajika. Nilifungua daftari kwenye ukurasa wa shilingi, nikatoa kalamu.

"Kogo, ile tarakimu ya mwisho. Niambie tena uliona nini."

Aliweka kibuyu chini. Alinichunguza kwanza kuona kama namdhihaki.

"Tumbo," alisema. "Kiuno. Kichwa. Kichwa ilikuwa dogo kuliko tumbo. Na shimo mbili, ya juu ilikuwa imejaa moshi."

Sita haina mashimo mawili. Na hakuna mtu asiyejua kusoma anayeweza kubuni kwamba duara ya juu ya nane ni ndogo kuliko ya chini. Lakini sitaki kusema kwamba niliandika kwa sababu hiyo. Ningeandika hata kama angesema tumbo na kiuno tu. Nilichora mstari mmoja katika chumba cha 1968.

Aliinama kutazama.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Kazi mingi hivi, na ni mstari moja."

"Ni mmoja tu, Kogo."

Aliingia ndani akarudi na mursik kwenye kikombe cha bati, maziwa ya kijivu yenye chembe za mkaa. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeyakataa nikisema tumbo langu halijazoea. "Kunywa," alisema, nikanywa yote, na yeye alihakikisha kwa kutazama ndani ya kikombe. Tulizungumza kuhusu mvua ya mawe iliyopiga chai ya upande wa juu. Nilirudi kabla mto haujajaa.

Jumatatu fimbo iligonga mlango wangu, chini, karibu na sakafu.

"Karani, umeamka ama umekufa?"

"Nimeamka."

Alinimiminia, kisha akanyoosha mkono. "Imepanda shilingi moja."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe kukunywa ya kantini."

Nilimpa. Kati ya nilizompa zilikuwemo mbili mpya, za manjano. Alizigeuza kiganjani, akazirudisha.

"Hii ni kifungo ya shati. Nipe ile ya ukweli."

Nilimweleza kwamba hizo ndizo pesa sasa, kwamba zile kubwa zinaondolewa. Alisikiliza kama alivyosikiliza siku ile ya jani la mgomba, na mkono wake ulibaki umenyooshwa. Sikuwa na shilingi za zamani mfukoni. Nilizokuwa nazo zilikuwa kwenye bahasha za mishahara, ndani ya sanduku chini ya kitanda, zimepangwa kwa mwaka. Nilivuta sanduku, nikafungua bahasha ya 1978, nikatoa mbili. Aliona ninakozitoa. Alizipokea.

Hivyo ndivyo nilivyomlipa Kogo kwa muda wa miezi kadhaa. Mafungu ya benki hayakuwa tena na chochote cha kutazama, na bahasha zangu zilipungua kuanzia miaka ya kawaida kuelekea ile adimu. Kila nilipotoa sarafu sikufuta mstari wake, kwa sababu nilikuwa nimeiona, na hilo halikubadilika. Za 1975 zilikwisha, za 1971 zikaisha, kisha za 1969. Nilipofika kwenye zisizo na maandishi nilisita asubuhi moja nzima, nikamwambia nitamlipa kesho. Kesho yake nilitoa ya 1967. Kisha za 1966, na kati yake ilikuwemo ile ya kibeti. Nilikuwa nimejiuliza kama nitaitambua. Niliitambua. Nilimpa pamoja na nyingine, na aliifunga kwenye ncha ya kitambaa bila kuitazama, ilivyo kawaida ya pesa.

Siku sanduku lilipobaki na bahasha moja, ile ya 1968, nilimwambia zimekwisha.

Aliangalia ndani, kupita bega langu. Sanduku lilikuwa wazi sakafuni.

"Na hiyo?"

"Hiyo si ya maziwa."

Nilimnyooshea shilingi mpya. Aliitazama pande zote mbili, akaisugua kwa kidole gumba.

"Hata moshi haiwezi kuishika," alisema, lakini aliifunga pamoja na zingine, akachukua mkebe wake.

Nilisimama na chupa mkononi. Nilisikia fimbo ikigonga nyumba ya sita, na mlango ukifunguliwa. Kisha nilisikia nyumba ya tisa. Kisha mvua ikaanza juu ya mabati, mapema kuliko siku nyingine, na sikusikia kitu kingine.